Mazigazi: Seti ya Karata Inayokwisha kwa Kuchezwa

Bao la kete hurithiwa. Komwe zikipotea, watoto wanatumwa kuokota nyingine na mchezo unaendelea pale pale ulipoachwa. Karata za kopa na shupaza zikichakaa, dukani zipo mpya. Lakini upo mchezo mmoja ambao kila anayeucheza anaupunguza. Watu wanane wanaketi mezani, kila mmoja ana pakiti tatu ambazo hazijafunguliwa tangu mwaka 1996. Usiku ukiingia, pakiti 24 zimechanwa, na hakuna kiwanda kitakachochapisha nyingine badala yake.

Seti yenyewe inaitwa Mirage, moja ya seti za mchezo wa Marekani uitwao Magic: The Gathering. Mirage ni mazigazi, yale maji ya jangwani yanayokimbia kadiri unavyoyasogelea. Kwa walioicheza na sasa wanaililia, hakuna jina ambalo lingefaa zaidi. Na kwetu tunaosema Kiswahili seti hii ina jambo jingine la kutuvuta: ndani yake kuna askari, kuna shauku, kuna ekundu. Ni maneno yetu, yamechapishwa kwenye karata za kampuni ya jimbo la Washington. Historia ya seti hii ni ya karata, na pia ni ya maneno yaliyosafiri.

Philadelphia, kabla ya 1993

Richard Garfield alikuwa mwanahisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu hesabu za mpangilio, yaani kuhesabu ni kwa njia ngapi vitu vinaweza kupangwa. Mwaka 1991 alimpelekea Peter Adkison, mwenye kampuni changa ya Wizards of the Coast, mchezo wa ubao alioubuni. Adkison hakuwa na fedha za kuuchapisha. Alimwomba kitu kingine: mchezo mdogo, wa bei nafuu, unaobebeka, ambao watu wangeucheza kwenye mikutano ya michezo huku wakisubiri mchezo mkubwa uanze.

Garfield alirudi na wazo ambalo kwa karne nyingi za karata halikuwa limeshika: kila mchezaji aje na fungu lake mwenyewe, tofauti na la mwenzake. Wachezaji ni wachawi wawili wanaopigana. Ardhi zinatoa nguvu, nguvu zinalipia viumbe na uchawi, na rangi tano (nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani) zina tabia zinazokinzana.

Majaribio ya kwanza yalifanywa na marafiki zake wa chuoni na wale aliocheza nao bridge. Kila mmoja alipewa rundo la karata za kubahatisha, akaambiwa ahangaike nalo: abadilishane na wenzake, apunguze, aongeze, ajenge. Hapa ndipo ilipo asili ya jambo ninalolisimulia. Kabla hajatokea mtu wa kununua karata kwa fedha nyingi ili ashinde, mchezo huu ulikuwa wa watu wanaotengeneza kitu kutokana na walichojaliwa. Miongoni mwa wale wa bridge walikuwamo Bill Rose, Joel Mick na Charlie Catino. Waliupenda mchezo kiasi cha kuanza kubuni karata zao wenyewe, na walichokianza kikakaa miaka kadhaa kikisubiri zamu yake. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Mirage.

1993–1995: Njaa

Toleo la kwanza lilitoka Agosti 1993: karata milioni 2.6, zenye aina 295. Ziliisha upesi mno. Toleo la pili la karata milioni 7.3 likaisha nalo. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha njaa. Watu waligombania pakiti, bei zikapaa, na wengi wakawa wakusanyaji kabla hawajawa wachezaji.

Seti nyingi za nyongeza za wakati ule hazikufaa kuchezwa mezani zikiwa peke yake. Arabian Nights ya 1993, Antiquities, The Dark, Fallen Empires na Homelands zote ziliuzwa katika pakiti za karata nane tu, na nyingi ya karata hizo hazikutosha kujenga fungu linaloweza kupigana. Zilikuwa viungo vya mchuzi bila wali.

Mwaka 1995 kampuni ilichapisha upya karata za zamani katika seti ya Chronicles. Wakusanyaji walioona thamani ya mali yao ikishuka walikasirika. Kampuni ikajibu mwaka 1996 kwa ahadi: orodha maalumu ya karata ambazo hazitachapishwa tena kamwe. Iwekwe akilini ahadi hiyo. Ilitolewa kutuliza watu wa wakati ule, lakini miaka mingi baadaye ndiyo iliyokuja kuifungia Mirage mlango.

Mwaka huo huo wa 1996 yalianza mashindano makubwa ya kulipwa, la kwanza likiwa New York mwezi Februari. Waandaaji walitaka kupima ujuzi, si uzito wa pochi. Njia iliyokuwapo ilikuwa ile wanayoiita draft. (Mtanzania akisikia drafti anawaza ubao wa miraba na visoda, kwa hiyo hapa nitasema uchaguzi wa zamu.) Kila mtu anafungua pakiti, anachukua karata moja, anampa jirani wa kushoto zilizobaki, naye anapokea za jirani wa kulia. Hivyo hivyo mpaka zinaisha. Pakiti ya pili inazunguka kinyume, ya tatu inarudi kama ya kwanza. Mwishoni kila mtu ana rundo aliloliokota mwenyewe, anaongeza ardhi, anajenga fungu la karata 40 na kupambana. Tajiri na maskini wameanzia sehemu moja.

Kilichokosekana kilikuwa seti iliyotengenezwa kwa ajili ya meza hiyo.

Oktoba 1996: Jamuraa

Mirage ilikuja na karata 350: 110 za kawaida, 110 za kati, 110 adimu, na ardhi za msingi 20. Pakiti ilikuwa na karata 15. Ilikuwa seti kubwa ya kwanza kupangwa tangu mwanzo pamoja na wadogo zake wawili, Visions ya Februari 1997 na Weatherlight ya Juni, ili zote tatu zichezwe kama kitu kimoja. Na karata zake za kawaida, zile zinazojaa mikononi mwa wanaochagua kwa zamu, ziliweza kusimama zenyewe. Rangi zote zilipata viumbe vya kati na njia za kuvizuia au kuviondoa. Pacifism na Rampant Growth zilionekana hapo kwa mara ya kwanza, karata mbili za kawaida kabisa ambazo zimeendelea kuchapishwa kwa miongo mingi.

Watunzi waliiweka hadithi yao katika bara la kubuni, Jamuraa, lenye sura ya Afrika. Wakati ule michezo ya aina hii ilijaa ngome na theluji za Ulaya. Ghafla mezani wakaingia fisi, vifaru, tembo na nzige, pamoja na wapiganaji weusi wenye majina na heshima zao. Alama ya seti, inayochapishwa pembeni mwa kila karata, ni mti wa jamii ya mnazi. Kisa ni cha vita: Kaervek mchawi anamfungia Mangara mpatanishi ndani ya kaharabu, na mataifa ya Zhalfir, Femeref na Suq'Ata yanajikuta vitani. Teferi, mchawi mwenye jina lenye sauti ya Uhabeshi, ndiye aliyechezea wakati kwenye kisiwa chake na kuvuta macho ya wakubwa wenzake.

Sasa majina. Kuna Burning Shield Askari na Searing Spear Askari, wapanda farasi wa rangi nyekundu. Kuna Shauku, mnyonya damu. Kuna Zuberi, Sidar Jabari, Rashida na Hakim, majina ambayo ukiyaita katika mtaa wowote wa Tanga au Mombasa hukosi wa kuitika. Kuna Afiya Grove. Kuna Mtenda mara tatu: simba, mchungaji, na kiumbe nusu tai nusu simba. Visions ikaleta Daraja Griffin.

Na kuna Ekundu, mara mbili. Hapo ndipo Mswahili anaposimama. Neno limechukuliwa likiwa shina tupu, bila ngeli. Si mwekundu, si nyekundu, si jekundu. Ni kama mtu aliyeondoka nyumbani bila viatu. Tena Ekundu mmojawapo, yule mwenye mabawa, ni karata nyeupe. Aliyeliokota neno hili alilipenda kwa sauti yake, na hakukuwa na mtu karibu wa kumwambia lililobaki.

Mimi silioni jambo hili kuwa dharau, ingawa naelewa atakayeliona hivyo. Neno karata lenyewe tumelichukua kwa Wareno, pamoja na kopa, uru, shupaza na pao. Mabaharia walileta mchezo, pwani ikabaki na maneno, ikayapinda mpaka yakatamkika. Karne nyingi baadaye watengenezaji wa karata wa upande wa pili wa dunia walichukua maneno ya pwani wakayapinda nao. Kinachoniuma ni kwamba safari hii hakuna aliyetuambia. Vijana wa Marekani na Ulaya walilitamka neno shauku kwa miaka bila kujua kwamba lina maana, na kwamba maana hiyo ndiyo waliyokuja kuibeba vifuani baadaye.

Meza ya watu wanane

Kwa nini hasa wanaikumbuka? Nguvu ya karata si jibu, maana seti za baadaye zina viumbe vikali kuliko vya Mirage. Jibu liko kwenye mwendo.

Uchaguzi wa zamu wa Mirage ulikwenda polepole. Mapambano yaliamuliwa ardhini, kiumbe kwa kiumbe. Seti ilileta uwezo wa wapanda farasi kuzunguka ubavuni: kiumbe kisicho na uwezo huo kikijaribu kuwazuia, kinadhoofika kabla ya pigo. Askari wa kawaida aliyedharauliwa pakiti ya kwanza aligeuka tatizo la jioni nzima. Uwezo mwingine ulikuwa wa kufifia, ambapo kiumbe kinatoweka mezani zamu moja na kurudi zamu inayofuata. Mchezaji alilazimika kuhesabu waliopo na wasiokuwepo pia.

Karata iliyopiganiwa ilikuwa ya kawaida, Kaervek's Torch, mwenge wa yule mchawi mbaya. Unamwaga ndani yake nguvu zote ulizonazo, nao unaunguza kiumbe au mchezaji kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuwa ilikuwa ya kawaida, iliweza kutokea katika pakiti yoyote, na kila aliyekaa mezani alijua hivyo. Ukipewa pakiti ambayo mwenge umo bado, umeambiwa jambo na jirani yako wa kulia bila yeye kufungua mdomo: hachezi nyekundu. Huo ndio utamu wa uchaguzi wa zamu. Watu wanane wanazungumza kwa yale wanayoyaacha.

Upande wa kijani kulikuwa na Crash of Rhinos, kundi la vifaru lenye nguvu nane linalogharimu nguvu nane. Wenye busara waliliacha lipite. Wengine walilichukua kila mara, kwa sababu siku litakapofika mezani meza nzima itapiga kelele, na kwa wengi ndiyo siku wanayoikumbuka.

Tena kulikuwa na maneno madogo yaliyochapishwa chini ya picha. Mengi yalikuwa misemo na visa vya mataifa ya Jamuraa. Shairi moja refu la mapenzi baina ya usiku na mchana lilikatwa vipande na kutawanywa katika karata mbalimbali. Aliyechagua kwa zamu alikutana na beti mbili leo, ubeti mwingine wiki ijayo, na hakupata kulisoma lote kwa mpangilio. Nadhani hakuna njia bora ya kumfanya mtu arudi mezani.

1997–1999: Mlango unafungwa

Visions ilibadilisha mchezo kuliko ilivyotarajiwa. Viumbe vyake kama Man-o'-War na Nekrataal vilifanya kazi mara vinapoingia: kimoja kinamrudisha adui mkononi mwa mwenyewe, kingine kinamwua. Tangu hapo kiumbe hakikuwa tena mwili tu wa kupigana, na hadi leo wabunifu wanafuata njia hiyo. Huko Paris, Aprili 1997, Mike Long alishinda shindano kubwa kwa fungu lililoegemea Cadaverous Bloom ya Mirage na Prosperity ya Visions. Lilikuwa fungu la kujenga nyumbani, werevu wa namna nyingine kabisa, ambao meza ya watu wanane haikuujua.

Weatherlight ilihamisha hadithi kwenye merikebu inayoruka, Jamuraa ikaachwa nyuma. Oktoba 1997 ilitoka Tempest, na maduka yakajaa pakiti mpya. Hakuna aliyefanya maziko. Watu walifungua za mwisho zilizokuwa rafuni, wakahamia nyingine.

Mwaka 1999 sheria zenyewe zikaandikwa upya. Kabla ya hapo, kiumbe kilicholazwa (yaani kugeuzwa ubavu, ishara kwamba kimetumika) baada ya kuzuia hakikupiga. Kulikuwa na aina ya uchawi wa kukatiza iliyofutwa kabisa. Nguvu ambazo hazikutumika zilimwunguza mwenyewe, sheria iliyodumu kidogo zaidi kisha ikaondoka mwaka 2009. Ndiyo maana leo watu wakikaa kuchagua Mirage kwa zamu, mabishano ya kwanza huwa kuhusu mwaka: tunacheza kwa sheria za lini? Wapo wanaodai kwamba karata za 1996 kwa sheria za sasa ni taarab ya zamani iliyopigwa kwa kinanda cha umeme. Nakubaliana nao kwa nusu. Sheria za sasa ni safi zaidi, lakini zile za zamani zilikuwa na mashimo, na waliozicheza walijifunza kuruka mashimo hayo usiku hadi usiku.

Almasi

Ndani ya Mirage kulikuwa na karata adimu ambayo mezani haikuwa na kazi: Lion's Eye Diamond, almasi ya jicho la simba. Haigharimu kitu. Ukiitoa kafara inakupa nguvu tatu, lakini sharti utupe karata zote ulizonazo mkononi. Mwaka 1996 aliyeifungua kama karata yake adimu alihisi amepunjwa, akaipitisha kwa jirani, naye jirani akaipitisha kwa mwingine.

Kisha zikachapishwa karata nyingine. Mwaka 1998 ulikuja uchawi unaokuruhusu kutumia vilivyotupwa. Mwaka 2003 ukaja uwezo unaohesabu idadi ya uchawi uliofanywa katika zamu moja. Kutupa mkono wote hakukuwa hasara tena, kukawa mbinu. Bei ya almasi ikapanda mpaka mamia ya dola. Na karata hiyo imo katika ile orodha ya ahadi ya 1996: haitachapishwa tena.

Hapo pakiti iliyofungwa ya Mirage ikawa kitu kingine. Karata adimu ni moja kati ya 110, na meza ya watu wanane inafungua 24, kwa hiyo kwa wastani karibu meza tano zinahitajika ili almasi moja ionekane. Lakini uwezekano huo mdogo unatosha kuipandisha bei kila pakiti. Karata ambayo wachaguzi waliidharau ndiyo iliyowafungia mlango. Pakiti zikaanza kuwekwa kwenye makabati kama dhahabu, na anayezitaka ili azicheze anashindana na anayezitaka ili azitazame. Ninasimama upande wa wachezaji. Pakiti iliyokaa kabatini kwa kuwa pengine ina almasi ni barua iliyozuiwa kusomwa.

2005–2023: Njia za kurudi

Desemba 2005 Mirage ilirudi kwenye skrini, ndani ya programu ya Magic Online. Watu wa nchi mbalimbali wakachagua kwa zamu tena, pakiti zikiwa picha tu, hazina harufu wala mchakacho. Wengi waliokuwa watoto mwaka 1996 waliingia hapo kwa mara ya kwanza wakiwa na mishahara yao.

Mwaka 2006 kampuni yenyewe ilitoa Time Spiral, seti iliyojengwa juu ya kumbukumbu, yenye karata 121 za zamani zilizochapishwa kwa fremu zao za zamani. Teferi, Mangara na Kaervek, ambao ndani ya Mirage walitajwa tu kwenye majina ya vitu vyao, sasa wakapata karata zao wenyewe. Wapanda farasi wa ubavuni wakarudi pia.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya watu wa kawaida. Karata nyingi za kawaida na za kati za Mirage bado ni za bei ndogo, kwa kuwa ni wachache wanaozitafuta. Basi wapenzi wanazikusanya moja moja, nakala kadhaa za kila karata ya kawaida, chache zaidi za kila ya kati, na moja moja ya zile adimu. Almasi haina ulazima. Wanazitia kwenye sanduku, wanazichanganya, na kutengeneza pakiti kwa mikono: 11 za kawaida, tatu za kati, moja adimu. Meza ikimaliza, zote zinarudi sandukuni. Karata zimekuwa kama komwe za bao.

Kisha hadithi yenyewe ikafanya jambo la ajabu. Katika visa vilivyoandikwa kuanzia mwaka 2000, Teferi aliiondoa Zhalfir nzima kutoka duniani, nchi pamoja na watu wake, ili isiteketezwe na wavamizi. Ikafanya kama viumbe vya Mirage vilivyokuwa vikifanya mezani: ikafifia. Lakini kiumbe hurudi zamu inayofuata, na Zhalfir haikurudi. Wasomaji walisubiri zaidi ya miaka 20, mpaka seti ya March of the Machine ya Aprili 2023, ndipo ikaonekana tena, imekaa mahali pengine kabisa katika ulimwengu, watu wake wakiwa wameshika silaha zile zile.

Mahali fulani usiku huu kuna sanduku la namna ile juu ya meza. Mtu anahesabu karata 15 na kuzipanga kifudifudi, anasukuma rundo kwa jirani, anaanza lingine. Katika la tatu, juu kabisa, amekaa mpanda farasi mwekundu mwenye mkuki wa moto, na jina lake askari.